Tuta la udongo lililotaka kunifikisha baraza la kata

Leo nimegombanisha watu wawili kwa shamba lenye upana wa kiganja.

Mnaijua reli yangu ndogo ya mfano, ile ya mezani, hapa Lipangalala. Milima ni magazeti na uji wa muhogo. Jana niliongeza majaruba ya mpunga kama yale ya kule Kiberege, kando ya reli, na tuta moja katikati.

Kwa nini tuta likae pale? Udongo uliishia pale. Basi.

Asubuhi akaja Baba Felista, mwenye shamba huko Kiberege, kuona treni. Hakuiona treni.

"Kumbe hata wewe unajua mpaka wa shamba langu uko hapa! Ngoja nipige picha, kesho naipeleka baraza la kata."

Akatoka kufuata simu kwenye pikipiki. Akarudi nayo, na nyuma yake Mama Deo, jirani wa shamba anayegombania naye huo mpaka.

"Shikamoo, mama."

Aliinamia meza.

"Umenimega hatua kumi, mwanangu. Huyu kakupa nini?"

Akaokota wembe wangu wa kukatia maboksi, alikate tuta. Baba Felista akanyanyua simu apige picha.

Miezi minne ya kazi, jamani!

Nikanyakua kopo la gundi na rangi ya tope, nililoliandaa kwa ajili ya mto, nikamwaga lote juu ya majaruba.

"Masika hiyo," nikasema. "Tuta halionekani."

Mama Deo akavuta kiti. Baba Felista naye akavuta chake.

"Tutasubiri maji yapungue."

Bado wamekaa. Mwenye kujua kuwa gundi ikikauka haipungui, asiwaambie.