Jani la Mpangaji Wetu

Mpangaji wetu wa chumba cha juu ana mvi, lakini kila asubuhi hukaa ngazini na kitabu cha darasa la kwanza, akichora herufi za Kitamil pajani kwa kidole. Kazaliwa Durban, hapa Thanjavur, India Kusini, ndiko kwao babu yake. Akinunua maziwa husema sentensi nzima polepole, kisha humkazia macho muuzaji kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

Jumapili bibi mmoja, shangazi wa marehemu baba yake, alimwalika kwenye harusi ya mjukuu wake ili ndugu wote wamwone. Tukaenda naye. Chakula kilipakuliwa juu ya majani ya mgomba badala ya sahani; alikula kwa mkono vizuri kabisa, nikashangaa. Alipomaliza akalikunja jani lake kuelekea nje, mbali naye, kama tunavyokunja matangani. Watu wakaacha kutafuna.

"We! Nani kakufia?" bibi akafoka. "Leo tunaozesha!"

Akababaika. "Baba alikunja hivi, bibi. Ndiyo mara yangu pekee kula kwenye jani. Ilikuwa matanga ya mama."

Bibi akaagiza jani jipya na wali. "Kula tena, mjukuu wangu. Safari hii likunje kuelekea kwako."

Akala, ingawa alikwishashiba. Alipolikunja jani kuelekea kifuani, ndugu wakapiga makofi. Mimi, nikimfikiria mama yake, nikawa sijui kama nipige nao au ninyamaze.