Farasi Niliowatungia Kina Swinyard

Msinicheke mpaka nimalize, maana nimeshachekwa vya kutosha, na aliyenicheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni dada yangu wa tumbo moja. Mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, mwenye wajukuu wawili na afisi Wattaya, hapa Maskati, ya kukatia watu bima za magari, nilimtungia Mwingereza mababu. Na niliwatunga vibaya.

Mpwa wangu Ilham, mtoto wa dada yangu Zuwena, alitaka kuolewa na Yusuf. Huyu Yusuf Swinyard ni Mwingereza, mwalimu, alisilimu miaka mingi kabla hajamjua Ilham (nalisema mapema kwa sababu najua mnavyofikiri), kijana mpole, sala zake anasali, na Kiswahili anakisema pole pole kama anayevuka barabara kubwa. Baba yake Ilham ni marehemu, kwa hivyo walii wake ni ami yake, Shekhe Nassor wa Sib, na yeye asiporidhia hakuna ndoa. Yusuf hapa Maskati hana mzee wa kumpelekea posa, na mtu hajipelekei posa mwenyewe, ndipo Ilham akanijia.

"Mjomba, nna wewe tu," akanambia. "Ami akikataa mie sitamkaidi. Lakini na mume mwengine sitaki."

Maneno kama hayo yalitakiwa yanitie khofu. Mimi nikaona fahari, nikajipiga kifua.

Sasa mnajua sisi Waswahili wa Oman tulivyo. Mtu hajamaliza kuvua viatu mlangoni ameshaulizwa ni wa kabila gani, babu yake nani, kwao Unguja au Pemba, na mama yake katoka kwa nani. Nilijua kwamba swali la kwanza la Shekhe Nassor litakuwa hilo hilo: hawa kina Swinyard ni watu gani? Ningeweza kumpigia Yusuf simu nikamuuliza, dakika mbili tu, lakini nikaona haya kumuuliza mtu asili yake (mimi, niliyezaliwa katika kuulizana!), nikaona bora nitafute mwenyewe kwenye mtandao, katika zile kurasa zinazokueleza jina la ukoo limetoka wapi, maana yake nini na walio nalo ni wangapi.

Asili yake: Kiingereza cha kale, jina la kazi. Vizuri. Walio nalo: wachache sana, jina adimu. Vizuri zaidi. Maana yake: mchunga nguruwe. Nikaizima simu. Nikaiwasha tena, labda wale nguruwe wameondoka. Wapo.

Ijumaa nikaenda Sib, Yusuf nikamwacha kwake kama inavyopasa. Kahawa ikanywewa, halwa ikaliwa, na kweli Shekhe Nassor hakuchelewa.

"Ukoo wao upi?"

"Swinyard. Ukoo wa kale," nikasema, "na adimu sana, shekhe. Wamebaki wachache."

"Adimu kwa nini? Wamekufa au wamekimbia?"

Hilo sikulitarajia, nikababaika. "Walikuwa wafugaji," nikasema.

"Wafugaji wa nini?"

Ningesema mbuzi yangekwisha, jamani, nani angeuliza zaidi habari za mbuzi? Lakini Shekhe Nassor anafuga farasi jike nyuma ya nyumba yake, picha yake ameitundika ukutani juu ya jamvi la wageni, nami jicho likanitua pale pale.

"Farasi," nikasema.

"Wa nani?"

"Wa wafalme."

Mzee uso ukamkunjuka nikamwona kama kijana. Akaagiza kahawa nyengine, akanishika mkono, akasema Ijumaa ijayo nimlete huyo bwana harusi, kwani farasi wake ana mguu mmoja anaukanyagia vibaya, na waganga wa wanyama wawili wameshindwa, na huu ujuzi wa mababu hausomwi chuoni. Nikarudi nyumbani naendesha gari na kuimba. Yusuf sikumwambia neno, nikijua atamtazama tu yule farasi, atasema mashallah, tutakwenda kula.

Ijumaa ya pili nikakuta uwanja umejaa. Shekhe Nassor alikuwa amewaita binamu zake wote waje kumwona mjuzi, na wanawake wamekaa barazani, Zuwena na Ilham wakiwa mbele kabisa. Farasi akatolewa. Yusuf akarudi nyuma hatua tatu, akapiga chafya. Akapiga ya pili na ya tatu, macho yakamwiva, machozi yakamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Analia," Shekhe Nassor akawaambia binamu zake kwa sauti ya chini. "Kawakumbuka babu zake."

Binamu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mzee akamwambia Yusuf amnyanyue farasi mguu, Yusuf naye hata kuona haoni, yuko na leso tu. Nikaona mambo yanaharibika, nikaruka katikati, nikaikamata kamba, nikasema kwa sauti (sijui maneno haya yalitoka wapi) kwamba kwa Waingereza desturi ni aliyeleta posa amshike farasi kwanza. Yule farasi akanitazama kwa utulivu kabisa, akanyoosha shingo, akakidaka kilemba changu cha pashmina, akakivuta, kikafunguka chote kuanzia mwanzo hadi mwisho, naye akazunguka uwanja mzima anakiburura, mimi nyuma yake na kipara changu, ambacho watu wa Sib walikuwa hawajawahi kukiona. Barazani vicheko vikapasuka, na cha Zuwena ndicho kilichokuwa juu.

Kilipopatikana (kimetafunwa), Shekhe Nassor akamgeukia Yusuf. "Mwanangu, mbona waogopa farasi na ndiyo iliyokuwa kazi ya babu zako?"

"Babu zangu?" Yusuf akasema. "Samahani, ami. Nani amesema?"

Wote wakanitazama mimi.

"Jina letu maana yake ni mchunga nguruwe," Yusuf akasema, na kwa vile anasema pole pole, kila neno likafika peke yake.

Zuwena akajifunika uso kwa buibui. Ilham hakujifunika, alinikazia macho tu, na yale macho nikiyakumbuka hata leo nasikia vibaya. Kwangu ulikuwa mzaha wa watu wazima. Kwake yalikuwa maisha yake.

"Zamani tulikuwa wengi," Yusuf akaendelea, "lakini watu waliona aibu, wakabadilisha jina. Ndiyo maana tumebaki wachache. Babu yangu alikataa. Alisema watu wale walifanya kazi na hawakumwibia mtu. Niliposilimu nilichukua jina la Yusuf, lakini la babu sikuliacha. Mtu huitwa kwa baba yake."

Shekhe Nassor akawa anaichora ardhi kwa bakora.

"Mie nna miaka sabini na tano," akasema, "na posa nshaletewa nyingi. Kila mposaji babu yake alikuwa sultani, ama alikula na sultani. Babu mchunga nguruwe sijapata kuletewa hata siku moja. Hilo mtu hajitungii." Akageukia barazani. "Zuwena, mwanao kapata mtu mkweli. Toeni chakula."

Vigelegele vikapigwa. Nikashusha pumzi, nikadhani yameishia hapo, mzee akaniita karibu.

"Suleiman, wewe ulinambia kwenu Pemba mlikuwa na mashamba saba ya karafuu. Bado ni saba?"

"Mawili," nikasema. (Lilikuwa moja.)

Mwezi uliofuata ikawa akdi, msikitini hapo Sib. Nilikwenda mapema, nimenunua kilemba kipya, nimejifukiza udi, nikakaa safu ya mbele. Kadhi akaomba mashahidi wawili. Nikaanza kunyanyuka, maana mtoto yule baba yake alipofariki ni mimi niliyekuwa nikimpeleka skuli kila asubuhi, nikaona nafasi ile ni yangu. Shekhe Nassor akaniwekea mkono gotini, bila hasira yoyote.

"Kaa, Suleiman. Wanatakiwa waadilifu."

Safu nzima ikacheka, nami nikacheka nao, lakini niliumia, tena sana. Nimeapa kwamba habari za babu wa mtu, awe wake au wangu, sitazisema tena mpaka nizikwe. Cheti cha ndoa ya Ilham nimekiona: kina mashahidi wawili, mmoja ni binamu yake Shekhe Nassor, na wa pili ni jirani aliyepita pale kuulizia ngazi yake iliyoazimwa.