Kadi ya Pai Niliyomwandikia Wifi Yangu

Siku mama alipotema pai mbele ya ukoo mzima, watu wote walimgeukia wifi yangu Darlene. Mama peke yake alinitazama mimi.

Ngoja nianze mwanzo, maana hasira bado ninayo.

Kwetu Ohio, Marekani, maonyesho ya kilimo ya Agosti si mchezo. Mwaka jana nilioka pai ya matufaha, ile aliyonifundisha mama, yenye chenga za siagi na sukari juu. Asubuhi ya mashindano ya pai homa ikaniangusha. Nikampa Darlene, mke wa kaka yangu, anipelekee.

Akaipeleka kweli. Kwenye fomu akaandika jina lake.

Ikashinda! Utepe wa bluu, ule wa mshindi wa kwanza, akautundika sebuleni kwake.

"Wifi, pai ni pai," aliniambia huku anacheka. "Si ungekuja mwenyewe?"

Sikumshtaki kwa mtu. Nani angeniamini?

Mwaka huu, mwezi wa Mei, akanipigia simu kwa sauti tamu. "Wifi yangu kipenzi, hebu niandikie ile pai inaokwaje."

Huyu mwanamke hana haya hata kidogo.

Nikachukua kadi, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Siagi ya chenga hutakiwa baridi, nikaandika iyeyushwe. Matufaha hutakiwa yale machachu, magumu. Nikaandika yale laini yanayogeuka uji. Chumvi, badala ya chembe, nikaweka vijiko vitatu vikubwa.

Mpishi yeyote angeshtuka. Darlene hata kuchemsha yai kunamshinda.

Nilijua anajiandaa kwa Agosti. Nikawa nacheka peke yangu nikiosha vyombo.

Kumbe pai ilikuwa ya sherehe ya mama kutimiza miaka themanini, kwenye ukumbi wa kanisa. Darlene akaingia nayo kifua mbele. Mama akaonja, akatema kwenye karatasi ya kujifutia.

"Darlene, hii ndiyo iliyokupa utepe?"

Nikasema moyoni, leo utakoma.

Darlene akafungua mkoba, akatoa kadi yangu. "Nimefuata alivyoniandikia Lois! Someni wenyewe! Ni wivu wa ule utepe!"

Kadi ikazunguka meza kwa meza. Shangazi Verna akaguna. "Lois, hata siku ya mama yako?"

Nikapaza sauti kwamba pai ya utepe ilikuwa yangu. Kaka akanikatiza. "Dada, inatosha."

Darlene akalia. Watu wakamkumbatia.

Nilipokuwa namvalisha mama sweta, akaninong'oneza.

"Ile ya utepe niliionja kule maonyeshoni. Nilijua ni mkono wako. Mimi ndiye niliyemwomba aoke leo, aumbuke mbele ya wote. Wewe ulitakiwa usimwandikie chochote tu."

Ndugu zangu, mwizi wa kazi yako mwache aifanye mwenyewe, watu wamwone. Usimpe kadi.

Mimi nilimpa. Sasa ameibandika sebuleni kwake, pembeni ya utepe wangu.