Jua Yenye Iko Moto Zaidi Inje

Ninyi wote mwenye mumekaa pale, sogeeni! Na mwenye anasinzia, jirani amufinye!

Mimi nilikuwa mupishi ya muzungu moja hapa Kisangani, wakati ya Wabelgiji. Ule muzungu kazi yake ilikuwa kuangalia jua tu. Alikuwa na sanduku, nzito sawa kiboko ya mimba, na ndani yake kioo. Unaingiza mwangaza ya jua, inatoka imepasuka rangi-rangi. Tukaenda nayo kule nord, kaskazini, siku mwezi ilifunika jua muchana. Kuku wakaenda kulala, mimi pia karibu niwafuate. Kando-kando ya jua kukabakia taji nyeupe. Muzungu akapima mwangaza yake, akaona mustari moja ya rangi ya majani.

"Hii ni chuma," akasema. "Imeungua mpaka imekuwa sawa moshi. Donc ile taji iko moto kupita jua yenyewe, tena mbali sana. Nani anaipasha? Sijue."

Bon! Yeye hajue, mimi nitajua nini? Nikarudi kwangu Mangobo, kichwa imevimba mpaka kofia inakataa kuingia.

Kufika ku nyumba, nakuta wabokilo, baba na mama ya bibi yangu, wametoka Yanonge na pirogue, mutumbwi yao. Wamesikia mukwe wao anatumikia mulozi, muchawi mwenye alizima jua, wamekuja kubeba mutoto wao. Mama bokilo amejificha nyuma ya nyumba, kwa sababu kwetu mukwe na mama bokilo hawaonane uso. Baba bokilo amekaa ku moto ya kukausha samaki.

"Eleza kazi yako," anasema. "Ukidanganya, mutoto anapanda pirogue."

Nikaeleza. Nikaeleza mpaka mimi mwenyewe nikapotea mu maneno yangu.

"Ngoja. Hapa ku moto, samaki anaungua?"

"Ndiyo, papa."

"Na nikimutupa kule ku barabara?"

"Atabakia mubichi, papa."

"Alors! Jua yako karibu iko baridi, mbali njo moto? Nani aliona kitu ya vile? Mutoto, beba kitunga ya nguo zako!"

Bibi yangu akainua kitunga, machozi inatiririka.

Mara mama bokilo, mwenye hakupaswa hata kukohoa karibu yangu, akalipuka kule nyuma ya nyumba:

"Mimi niliona! Ni weye, bwana yangu! Ku nyumba uko baridi sawa samaki ya juzi, ukifika mbali ku bar njo unawaka moto! Mutoto, tua kitunga, bwana yako anasema kweli!"