Mama Adolphine na Maji ya Stesheni

Adolphine alikuwa Mkatanga, mzaliwa wa upande wa Tenke, akaolewa Kolwezi, humohumo Katanga, na Kabongo, mwashi Mkasai, mtu wa jimbo la Kasai. Wakasai walipofukuzwa Katanga, mwaka 1993, ndugu zake walimwambia abaki, mume aende kwao peke yake. Alifunga mizigo, akamfuata mumewe stesheni.

Huko watu walilala juu ya saruji wakingoja treni. Watoto wakaanza kuharisha. Pipa la maji lilikuwa moja tu, ikabidi achaguliwe msimamizi. Adolphine alijitokeza, kwa kuwa katika kambi ya wafanyakazi walikoishi Kolwezi ndiye aliyepanga foleni ya bomba miaka yote, na hakuna aliyerudi nyumbani na ndoo tupu. Mpinzani wake alikuwa Tshilombo, Mkasai, mtu wa chama cha siasa, hodari wa kupaza sauti mikutanoni.

Walewale waliochota maji chini ya usimamizi wake sasa walisema hajui kugawa, kwamba Wakatanga hawawezi kazi. Wao wenyewe walikuwa wametoka kuambiwa mjini kwamba hawafai. Mikono ikainuliwa kwa Tshilombo.

Siku ya kwanza maji yalikwisha kabla ya saa sita, maana Tshilombo aliwajazia wenzake wa chama. Watu wakasema pipa linavuja. Likainuliwa, chini pakavu. Basi wakasema ni jua. Angekuwa Adolphine, wangesema ni kabila lake.

“Bamekukataa, mama,” Kabongo alimwambia. “Baache.”

“Bamenikataa mi. Batoto habakukataa mutu.”

Akabeba madumu mpaka bomba la nje ya stesheni, ambako vijana wa mjini walikuwa wakiwafukuza Wakasai. Aliwasalimu kwa lugha ya kwao. Walimtukana, wakamwita msaliti, lakini wakamwacha achote. Alirudi, akachemsha, akawanywesha wagonjwa kwanza, hata wa nyumba ya Tshilombo. Akafanya hivyo kila siku. Waliokunywa walilalamika kwamba maji yananuka moshi.

Treni ilipofika, kila behewa lilitakiwa kuwa na mkuu wake. Mikono ikainuka tena kwa Tshilombo. Adolphine aliitazama yote, akabeba mzigo wake.

Lakini walipopanda, kina mama walimpita mkuu wao, wakaweka madumu ya safari miguuni pa Adolphine. Wa kwanza alikuwa mke wa Tshilombo.

“Mama, utugabulie weye maji,” alisema, akiangalia pembeni.

Adolphine alikunja miguu, nafasi ikapatikana.