Niliua Gari Zima Ili Nisichekwe

Nimekosa, jamani. Sitaanza kwa kujitetea, maana kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa. Nilimchafulia jina mtu asiye na hatia, tena nikamwapia Mungu uongo mbele za watu. Acha nikuambie wewe msomaji wa gazeti hili, maana mke wangu hataki tena kunisikia.

Mimi ni Mzaramo, nauza nazi sokoni Kariakoo. Jioni nikifunga biashara hukaa benchi la kahawa pamoja na Maganga, Mnyamwezi, kuli wa bandarini. Unajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Ananitukana, namtukana, kisha tunalipiana kahawa.

Siku moja mwaka jana akapita Fundi Musa, fundi magari wa mtaa wa Gerezani, na gari dogo la mizigo. Alilinunua likiwa chuma kitupu, akalifufua mwenyewe polepole, sasa alikuwa analiuza apate kupanga banda lake na kuacha kufanya kazi chini ya mtu. Mimi, kwa kujionyesha tu, nikauliza bei. Mdomo wangu huu!

"Haya, Mzaramo anauliza bei!" Maganga akaruka. "Fundi, usimjibu, unapoteza mate bure. Huyu hela zake zote zinaishia ngomani. Mwelekeze wanakouza punda!"

Benchi zima likacheka. Masikio yakaniwaka moto.

"Kesho naleta hela," nikasema.

"Kesho ya Mzaramo haina asubuhi! Leo!"

"Leo! Leo!" wakaitikia wote.

Nikaenda nyumbani Magomeni nusu nakimbia. Huku ndiyo kwanza serikali ya Mwingereza inatugawia viwanja, na mimi nilikuwa nimesimamisha kuta. Chumba kimoja tu kilikuwa na bati, tukilala humo watu sita. Hela za bati zilikuwa sandukuni. Mke wangu Mwanaidi alikuwa bombani akiteka maji. Nikazichukua zote, nikarudi, nikamkabidhi Fundi mbele ya benchi, ikasomwa Fatiha, yakaisha. Na kuendesha gari sijui!

Fundi Musa akaniletea gari mpaka nyumbani, kwa wema wake tu. Akanifundisha kuliwasha kwa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mbele. Akafungua boneti. "Bwana, oili hii itazame kila asubuhi. Ikiisha, injini inakufa siku hiyohiyo." Akaniinamisha hadi uvunguni nione nati ya kuimwagia.

Mwanaidi hakupiga kelele. Alilitazama gari, akazitazama kuta zetu. "Masika yakija utatulaza humo?" akauliza, akaingia ndani.

Hapo ningemfuata Fundi nikamwambia, nimeghairi ndugu yangu, nisamehe. Alikuwa mtu wa kuelewa. Lakini nilikwisha kumwona Maganga akilini mwangu, anashika mbavu, anasimulia soko zima kwamba Mzaramo kamiliki gari siku mbili karudisha. Nikaona heri gari lionekane bovu kuliko mimi nionekane wa kughairi. Upumbavu gani huu!

Ijumaa mchana, watu wakiwa msikitini, nikaingia uvunguni nikailegeza ile nati. Oili yote ikashukia kwenye karai, nikaenda kuimwaga chooni, nati nikairudisha. Kisha nikazungusha hendeli kama nilivyofundishwa, nikapanda, nikakanyaga mafuta mpaka injini ikaanza kugonga, ikalia, ikanyamaza kabisa.

Nikakimbilia benchini. "Fundi kaniuzia maiti!"

Wakaja wengi, na Fundi Musa akaja na vyombo vyake. Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kikavu. Akanitazama.

"Bwana, oili umeimwaga wewe?"

"Wallahi sijaigusa! Lilikuwa linavuja tangu ulipolileta!"

Mchanga chini ya gari haukuwa na hata tone. Fundi aliuona. Mwanaidi, amesimama mlangoni, naye aliuona. Fundi hakubishana na mimi. "Kama umeapa, basi," akasema. Kesho yake akanirudishia hela zangu zote, akaondoka na gari lake likisukumwa na watu.

Na Maganga je? Hakunicheka hata kidogo. Alinitetea! Mtani wangu huyu, kwa uchungu wa kweli, alizunguka soko na Gerezani nzima akitangaza: "Fundi Musa anauza maiti! Kataka kumwibia mtani wangu!" Mimi nipo, nasikiliza, nakunywa kahawa yangu.

Wenye malori wakamwacha Fundi mmoja mmoja. Mwenye karakana alimokuwa akifanya kazi akamwambia atafute kazi kwingine. Banda hakulipata. Mwisho akahama mji, akapanda treni na mkewe na watoto, na hakuna aliyemsindikiza. Mimi nilijua siku ya safari. Sikwenda! Ningemtazamaje?

Nyumba yangu sasa imeezekwa yote. Mwanaidi ananipikia, ananitengea, ananiita baba watoto, ila usoni hanitazami tangu Ijumaa ile. Nilipomwambia nataka kutubu, akajibu: "Usitubu kwangu. Mimi sikukuuzia gari."

Jamani, wewe unayesukumwa na kelele za wenzako kununua usichokihitaji, nakuomba, ghairi! Ghairi mapema, mchana kweupe, mbele yao haohao, wakucheke mpaka wachoke. Maganga angenicheka wiki moja, kisha angeninunulia kahawa, na Fundi angepata mnunuzi mwingine. Nilikimbia kicheko, nikamfukuzisha mtu mjini.

Jina langu sikuliandika. Lakini gazeti hili husomwa kwa sauti pale benchini, na najua Maganga akifika hapa atanijua. Anijue tu. Maganga, mtani wangu, inuka uzunguke tena soko na Gerezani nzima kama ulivyozunguka mwanzo, uwaambie watu kwamba gari la Fundi Musa lilikuwa zima.