Kwenda Musoma na Wimbo wa Wambura

Barua iliyoniondoa nyumbani ilikuwa na mistari minne tu. Aliyeiandika ni Chacha, mwimbaji na kiongozi wa bendi moja ya Musoma mjini. Alisema watu wa redio wanakuja na mitambo yao ya kurekodia, wameipa bendi siku mbili na nyimbo sita. Mpiga gitaa la rithimu wake, Wambura, aliumwa na nyoka akifyeka shamba, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vimepinda. Nije nishike nafasi yake, ila kwanza nipitie kwa Wambura, Butiama, anifundishe nyimbo. Niliisoma nikiwa nimesimama shambani Nyasura, na nakiri mbele yenu kwamba nilifurahi kwanza, nikamhurumia Wambura baadaye. Miaka saba nilikuwa nimepiga gitaa kwenye harusi za Bunda, peke yangu, njuga mguuni, na hakuna aliyewahi kuniita mahali nisipoweza kufika kwa miguu.

Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba ya kijiji. Mwenyekiti wetu ni mtu mwema, lakini huhutubia hata akiwa na msikilizaji mmoja. "Redio ni ya taifa, Ndugu Magesa," aliniambia, "na pamba ni ya taifa. Nakupa siku tano. Siku ya sita utakuwa unaliibia taifa." Mke wangu Sabina alinifungia viazi vya kuchemsha, kisha akalizungushia gitaa blanketi letu la pekee. "Gitaa likiibiwa," akasema, "blanketi lirudi."

Jumatatu asubuhi nilipanda basi pale Bunda, na jua lilikuwa bado halijawa kali basi liliponishusha kwenye njia panda ya Butiama. Kuanzia hapo ilikuwa miguu. Njia ilipita kati ya vilima vyenye mawe makubwa yaliyobebana, kisha nyumba za kijiji zilizojengwa kwa mstari, kisha mashamba meupe kwa pamba. Mama mmoja aliyekuwa akitoka kisimani alinitazama na mzigo wangu wa blanketi begani, akanipa pole, akauliza mtoto anaumwa nini. Nikamwambia haumwi, amelala tu. Alinishauri nimfunike miguu.

Saa saba mchana nilifika kwa Wambura. Nilimkuta ameketi kwenye turubai akichambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule, kwa mkono wa kulia peke yake. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye sauti ndogo. Mkewe, Nyangeta, alinipokea gitaa kabla hata ya kunipa mkono, akaenda kuliweka chumba cha ndani.

"Usinielewe vibaya, shemeji," aliniambia kwa sauti ya chini aliporudi na maji ya kunawa. "Tangu nyoka amuume hatakagi kuliona. Lake alilirudisha kwa Chacha siku ileile ametoka hospitali."

Wambura hakuwa mtu wa maneno ya kuzunguka. "Wewe ndiyo Magesa?"

"Ndiyo, kaka."

"Chacha alikuwa anataka kijana mmoja wa Tarime. Mimi nikamwambia hapana, kuna mtu wa Nyasura, nilimsikiaga kwa harusi. Anapigaga na njuga kama mtu anafukuza ng'ombe kwa shamba, lakini mkono wake una huruma."

Kwa hiyo ni yeye aliyenitaja. Niliikumbuka ile furaha yangu ya shambani na nikaona aibu, nikainama kuchambua pamba ili asinione uso.

Jumanne kutwa alinifundisha kwa mdomo. Hakugusa gitaa hata mara moja. Mimi nilipiga, yeye akaimba nyuzi, "ti-ndi-ti, ti-ndi," huku akitenga pamba, na nilipokosea alinyanyua fifi moja na kunionyesha bila kusema neno. Nyimbo tano tulizimaliza kabla ya chakula cha mchana. Wa sita ulikuwa wake mwenyewe, alioutunga mwaka aliomwoa Nyangeta, na huo ndio ulionitoa jasho. Unaanza na gitaa peke yake, bila ngoma, halafu sauti inaingia na gitaa linabaki nyuma yake kidogo.

"Unampita mwimbaji," aliniambia. "Yeye anatembea mbele, wewe unamfuata. Humpiti, na humwachi aende peke yake."

Nilirudia mara kumi, mara kumi na tano. Mguu wangu ulikuwa unapiga chini, kama ulivyozoea harusini.

"Na huo mguu," akasema. "Huko kwenye mashine utakuponza."

Nilicheka. Kesho yake alfajiri, nikijiandaa kuondoka, nilimwomba twende wote, kwani ulikuwa wimbo wake na ulikuwa haujawahi kurekodiwa. Akajibu, "Niende kufanya nini? Kukubebea blanketi?" Nyangeta alikuwa amesimama mlangoni, naye alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba lao. "Huo mmoja, shemeji," aliniambia. "Hizo zingine hata zikiharibika."

Jumatano saa nne nilikuwa Musoma. Upepo wa ziwa ulileta harufu ya samaki mpaka stendi. Chacha, mfupi mwenye haraka, alinipeleka moja kwa moja kwenye ukumbi uliogeuzwa studio: madirisha yamezibwa kwa mablanketi na magunia, vipaza sauti viwili katikati, na fundi mitambo kutoka Dar es Salaam ameketi nyuma ya mashine yenye magurudumu mawili ya utepe. Nilipewa gitaa la umeme. Sikuuliza lilikuwa la nani. Shingo yake ilikuwa imelika mahali pa vidole vya mtu.

Tulianza. Hata wimbo wa kwanza haujafika katikati, fundi akanyanyua mkono.

"Jamani, nani anatwanga?"

Tulitazamana. Mpiga ngoma aliapa si yeye. Mwishowe wote wakautazama mguu wangu. Nilivua viatu, ikasikika vilevile, maana nyayo za mkulima nazo ni viatu. Wakaniletea gunia la pamba nikaweka mguu juu yake, na watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nyimbo tano zilipita hivyo mpaka jioni, kwa kuwa zilikuwa na ngoma nzito ya kunishika mkono.

Alhamisi asubuhi ukaja wimbo wa Wambura, na pale hakuna aliyecheka. Bila ngoma, na mguu wangu ukizama kwenye pamba bila mlio, sikujua niko wapi. Vidole vilikimbia. Chacha alipoingia kuimba nilikuwa nimeshampita. Tukarudia, nikampita tena.

Fundi akatazama utepe wake. "Umebaki wa wimbo mmoja," akasema, "na wa mara moja tu."

Chacha alifuta uso. "Basi tupige ule wimbo wa mavuno unaojulikana na kila mtu, una ngoma. Huu wa Wambura tuuache."

"Tujaribu tena, kaka," nikamwambia.

"Na ukiharibika? Tutabaki na nyimbo tano?" Hakuwa na ubaya, alikuwa na bendi ya kulisha. "Tupumzike kidogo, halafu wa mavuno."

Nilitoka nje kunywa maji, na hapo mlangoni nikamkuta Wambura, kofia mkononi, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi.

"Nimesindikiza pamba," alisema kabla sijamuuliza. Baadaye nilikuja kujua pamba ilikuwa ya jirani, na jirani hakuomba kusindikizwa.

Nilimweleza yote, hata kwamba wimbo wake unaachwa. Hakulaumu. Aliingia, akasalimiana na Chacha kwa muda mrefu, mkono ndani ya mkono, kisha akamwambia kwa upole, "Nipe hiyo mara moja. Ikiharibika, lawama ni yangu." Akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Akauweka mkono wake wa kushoto, ule wenye vidole vilivyopinda, begani kwangu.

Fundi akaonyesha ishara. Mkono ukaanza kunigonga begani, polepole, bila mlio wowote, nami nikaanza kupiga. Chacha alipoingia, vile vidole vilinikaza kidogo: ngoja. Nikangoja. Mfuate. Nikamfuata. Sijawahi kupiga gitaa hivyo, na sidhani kama ni mimi niliyepiga. Wimbo ulipokwisha tulikaa kimya mpaka fundi alipozima mashine, na hata yeye hakuharakisha.

Kisha akachukua karatasi ya kuandika majina ya wapigaji. Alipomfikia Wambura akasita. "Huyu mzee amepiga nini?"

Chacha alikuwa akifungua dirisha, ametugeuzia mgongo. "Andika gitaa," akasema.

Ijumaa tulirudi pamoja Butiama juu ya lori tupu la pamba. Siku yangu ya tano ilikuwa inakwisha na nilitaka kuendelea mpaka njia panda, lakini Nyangeta alikuwa amekwisha kuuona uso wa mumewe, akanizuia.

"Wimbo umepigwa?" aliuliza.

"Umepigwa," Wambura akajibu. "Utausikia redioni."

"Redio ya nani?"

Kwao hapakuwa na redio, na iliyokuwapo kijijini ilikaa ofisini. Wambura akanyoosha mkono, nikampa gitaa langu la mbao pamoja na blanketi lake. Alilipakata.

"Mkono wa kulia ni mzima," akasema. "Wewe shika huko juu."

Nilikaa nyuma yake kidogo, nikapitisha mkono wangu wa kushoto chini ya kwapa lake mpaka kwenye shingo ya gitaa. Mimi nikibana nyuzi, yeye akapiga. Mara mbili za kwanza tulikwaruzana. Mara ya tatu wimbo ulitoka, naye akaimba mwenyewe kwa ile sauti yake ndogo, na nilisikia mgongo wake ukitetemeka kifuani pangu. Nyangeta alikuwa ameshika ungo wa pamba, hakuutua. Tulipomaliza alisema neno moja tu.

"Rudieni."

Nyasura nilifika Jumamosi. Mwenyekiti alinisomea hotuba yangu mbele ya watu, akaniongezea mistari minne ya pamba, nikaivuna bila kinyongo. Nilikuwa nimeondoka nikidhani naenda kushika nafasi ya mtu. Nafasi ile ilikuwa na mwenyewe. Mimi niliitwa kumshikia nyuzi.